Rimoti ya geti: nani hasa ana ufunguo wa nyumba yako?

Leo siasa naiweka pembeni kidogo, tuongelee kidude kidogo chenye vitufe viwili ambacho mabosi wengi wananing'iniza kwenye funguo za gari: rimoti ya geti. Najua wengi mnaosoma hapa, kama mimi, kwenu hakuna geti la umeme. Hata hivyo tulia usome, maana hili jambo linawagusa walinzi, madereva, wadada wa kazi na mafundi kuliko linavyomgusa mwenye nyumba. Nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2020, mwaka mmoja baada ya mimi kumaliza kidato cha nne, mjomba wangu alikuwa mlinzi kwenye nyumba moja Mbezi Beach. Bosi na familia yake walisafiri kwenda Moshi kula Krismasi. Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, mjomba yuko uani nyuma anazunguka, akasikia mota ya geti inanguruma. Akadhani bosi amerudi ghafla. Kufika mbele akakuta pikapu limeshaingia na vijana wanne wenye mapanga. Wakamfunga kamba, wakabeba walichobeba, wakaondoka.

Asubuhi maswali yakawa mafupi tu. Geti limevunjwa? Hapana. Ukuta umerukwa? Hapana. Basi aliyefungua ni wewe. Mjomba akalala mahabusu siku nne. Ushahidi haukupatikana, akaachiwa, lakini kazi ikaisha na mshahara wa miezi miwili hakuuona mpaka leo. Mtaani akabaki na jina la "yule aliyewafungulia wezi".

Mimi nilimwamini kwa sababu ni mjomba wangu. Sikuwa na sababu nyingine. Sababu nyingine niliipata baadaye, nilipokuwa najifunza ufundi wa simu kwenye kibanda kimoja Kariakoo. Akaja dada mmoja na rimoti ya geti, anataka ya pili. Fundi akatoa rimoti mpya isiyo na kitu ndani, akazishika mbili kwa pamoja, akabonyeza vitufe, taa ikawakawaka, kwisha. Haikufika hata dakika moja. Akalipwa sh. 15,000. Hakuuliza geti ni la nani wala liko wapi. Na angeuliza ili iweje? Anayechonga ufunguo wa kitasa naye haulizi.

Nikakaa kimya pale. Nyumba ile ya Mbezi ilikuwa na rimoti nne. Moja kwa bosi, moja kwa mama, moja kwa dereva, na ya nne aliondoka nayo mpangaji wa zamani. Mjomba peke yake ndiye ALIYEKUWA HANA.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Nimesoma sana kuhusu jambo hili, nyingi zikiwa habari za Marekani, kwa sababu kule ndiko kidude hiki kilikozoeleka zaidi. Halafu kuna kichekesho cha lugha. Sisi ukisema gereji tunafikiria fundi, oili chafu na gari lililowekwa juu ya mawe. Kwao gereji ni chumba cha kulaza gari kilichobanana na nyumba, na mara nyingi kina mlango wa kuingilia ndani moja kwa moja. Mtu anarudi kazini, anabonyeza rimoti, mlango unapanda juu, anaingiza gari, unashuka. Familia nyingi mlango huo wanautumia kuliko wa mbele. Kwa hiyo ukiupata mlango wa gereji umeipata nyumba. Teknolojia ya ndani ndiyo ileile ya mageti yetu ya kuteleza.

INAFANYAJE KAZI?

Rimoti ni kituo kidogo cha redio. Ukibonyeza, inarusha mawimbi yenye namba ya siri. Ulaya, na kwenye rimoti nyingi zinazouzwa kwetu, mawimbi yanakuwa karibu na 433.92 MHz. Marekani hutumia zaidi 315 au 390. Kwenye mota kuna kifaa cha kupokea kinachosikiliza muda wote. Kikisikia namba kinayoijua, geti linafunguka.

Rimoti za zamani, na nyingi za bei rahisi mpaka leo, namba yao ni moja maisha yote. Ukiifungua ndani unaweza kukuta mstari wa viswichi vidogo, 8 mpaka 12, kila kimoja kimewekwa juu au chini. Mpangilio huo ndiyo siri yenyewe. Piga hesabu: viswichi 12, kila kimoja kina hali 2, unapata namba 4,096 tu. Namba ya siri ya ATM yenye tarakimu nne ina 10,000. Yaani geti la nyumba lina siri ndogo kuliko kadi ya benki, na tofauti na ATM, haliimezi kadi ukikosea mara tatu.

Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha udhaifu huu kwa kutumia kidude cha watoto cha kuandikiana meseji, kilichotengenezwa na kampuni ya Mattel na ambacho kilikuwa kimeshaacha kuzalishwa. Kujaribu namba zote kwa njia ya kawaida kungechukua kama dakika 29. Yeye akashusha mpaka sekunde 8 hivi. Aliwezaje? Kifaa cha kupokea hakijali namba inaanzia wapi. Angalia 12345: ndani yake kuna 123, 234 na 345. Ukizipanga namba zikaingiliana hivyo, msururu mmoja mfupi unabeba zote. Hesabu hiyo inaitwa mfuatano wa de Bruijn, imechukua jina la mwanahisabati wa Uholanzi. Sekunde 8 wadau. Hujamaliza hata kusalimia.

Dawa ya ugonjwa huo ilishakuwepo: namba inayobadilika kila ukibonyeza. Fikiria rimoti na mota vina vitabu viwili vya risiti vinavyofanana, kurasa zote zina namba za siri, na hakuna mwingine mwenye kitabu hicho. Kila ukibonyeza, rimoti inachana ukurasa mmoja na kuutuma. Mota inaangalia kitabu chake, inakubali, na ukurasa huo hautumiki tena. Mwizi akirekodi wimbi lako la leo na kulirusha kesho, anakataliwa, amekuja na risiti iliyokwishatumika. Na mtoto akichezea rimoti sebuleni, mota haichanganyikiwi, inakubali kuruka kurasa kadhaa mbele. Zikizidi sana ndipo fundi anaitwa kuoanisha upya.

Tusijidharau, moja ya mifumo iliyosambaa sana duniani ya namna hii, KeeLoq, ilitengenezwa hapahapa Afrika, nchini Afrika Kusini, miaka ya 1980. Mwaka 1995 ikauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani kwa zaidi ya dola milioni 10. Ikaingia kwenye magari na mageti ya makampuni kibao.

Lakini mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, walipima umeme unaotumiwa na kichipu wakati kinapiga hesabu zake, wakaipata siri kuu ya mtengenezaji. Ukishakuwa na siri hiyo, unanasa mawimbi mawili tu ya rimoti ya mtu, hata ukiwa umbali wa mita 100, na unatengeneza pacha wake. Tatizo lilikuwa siri moja kuu kwa bidhaa zote za mtengenezaji. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kamkar huyohuyo mwaka 2015 akaja na ujanja mwingine, safari hii bila kuvunja hesabu yoyote. Kifaa chake cha dola 32 hivi kinavuruga mawimbi na kurekodi kwa wakati mmoja. Unabonyeza rimoti, mota haisikii kwa sababu ya kelele, ila kifaa kimeshanasa ukurasa wa kwanza. Unabonyeza tena (si unajua tulivyo, isipofanya kazi tunabonyeza kwa hasira). Kifaa kinanasa wa pili na papo hapo kinarusha ule wa kwanza. Mlango unafunguka, wewe unaendelea na maisha. Mwizi kabaki na ukurasa ambao haujatumika. Utakufa pale tu utakapobonyeza tena na mota ikasikia ukurasa ulio mbele zaidi, lakini kifaa kikibaki palepale kinaendelea na mchezo.

Toleo rahisi la ujanja huu linafanyika kwenye maegesho ya magari. Unafunga gari kwa rimoti huku unaondoka, kumbe kuna mtu ameshikilia kitufe cha kwake, mawimbi yanagongana, gari halifungi. Afrika Kusini na Kenya wizi huu umeongelewa sana. Dawa ni kuvuta kitasa uone kama gari limefunga kweli. Bure kabisa.

Na mawimbi hayana adabu, yanaweza kuvurugwa hata bila mwizi. Marekani mwaka 2004, karibu na kambi ya jeshi la anga ya Eglin kule Florida, na tena Novemba 2006 mjini Colorado Springs, milango ya gereji za watu iligoma kwa wingi. Jeshi lilikuwa linajaribu redio mpya, nazo zilipita humohumo kwenye 390 MHz. Kisheria wananchi hawakuwa na la kusema: masafa yale yalitengwa kwa serikali, rimoti zilikuwa wageni tu.

SASA IMEKUJA INTANETI

Siku hizi rimoti inaanza kuonekana ushamba. Mota inaunganishwa kwenye intaneti, unafungua geti kwa simu ukiwa Dodoma wakati mgeni yuko Tabata. Unaona nani kaingia saa ngapi. Ni raha, sikatai. Ila angalia njia inayopita amri yako: simu yako, halafu seva ya kampuni iliyoko nchi nyingine, halafu ndiyo inarudi kwenye geti lililoko mita tano kutoka ulipokaa. Kuna mtu wa tatu amekaa katikati. Na tangu mtu huyo aingie, mambo matatu yametokea.

La kwanza. Aprili 2017 mteja mmoja Marekani alinunua kifaa cha kufungulia gereji kiitwacho Garadget, kikamsumbua, akaandika maoni makali mtandaoni. Mwenye kampuni akamkatia mawasiliano ya kifaa chake na seva, akamwambia akirudishe apewe hela yake. Fikiria fundi aliyekuuzia kitasa anakifunga akiwa kwake kwa sababu umemsema vibaya.

La pili. Aprili 2023 mtafiti Sam Sabetan alitangaza alichokikuta kwenye vifaa vya kampuni ya Nexx: vyote vilitumia nywila MOJA kuongea na seva. Ukiipata hiyo unaona amri za wateja wote na unaweza kufungua mlango wa yeyote, popote alipo. Vifaa vilivyohusika vilizidi 40,000. Shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao, CISA, likatoa tahadhari, huku kampuni ikiwa haijajibu wito wa kurekebisha. Unaona? Kosa lilelile la 2008, siri moja kwa wote. Tofauti ni kwamba sasa mwizi hahitaji hata kusogea mita 100.

La tatu ndilo zito zaidi kwangu. Kampuni kubwa ya mota hizi Marekani ni Chamberlain, na programu yake ya simu inaitwa myQ. Wateja waliopenda kujiundia mifumo yao ya nyumbani waliunganisha myQ na programu huru kama Home Assistant. Mwishoni mwa 2023 Chamberlain ikaziba njia hiyo. Ilisema watumiaji hao ni asilimia 0.2 tu lakini walikuwa wanazalisha zaidi ya nusu ya mizigo ya seva zake. Desemba 2023 Home Assistant wakaondoa kabisa uunganisho huo. Watu wakaamka na mota ileile, waliyoilipia, haiwezi tena kile ilichoweza jana.

Sasa weka hilo pembeni ya kesi ya zamani. Chamberlain hiyohiyo iliwahi kuishtaki kampuni ya Skylink kwa kuuza rimoti inayofungua mota zake. Ilitumia sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya mwaka 1998, ile iliyotungwa kulinda miziki na filamu. Agosti 2004 mahakama ya rufaa ikaikatalia. Kwa lugha yangu ya kidato cha nne: mtu amenunua mota, ni yake, ana haki ya kuitumia kwa rimoti anayotaka.

Kwa mtazamo wangu hapo ndipo kwenye kiini cha habari nzima. Mwaka 2004 kampuni ikitaka kumzuia mteja ilibidi iende mahakamani, isikilizwe, na ikashindwa. Mwaka 2023 haikuhitaji hakimu. Njia ilipita kwenye seva yake, ikafunga. Sheria haikubadilika. Kilichohama ni mahali ambapo kitufe kipo. Baadhi ya Wamarekani wamejibu kwa kununua kibodi kidogo cha kuunganisha kwa waya kwenye mota yenyewe, amri isitoke nje ya nyumba. Binafsi naona ndiyo busara: intaneti ije kama nyongeza, isije kama bawaba.

KWETU HII IMEKAAJE?

Najua kuna mtu ataandika: "Dogo acha mambo ya filamu, wezi wa Bongo wanaruka ukuta." Ni kweli, wengi wanaruka ukuta. Wala sidai mjomba aliibiwa na wadukuzi wa Bochum. Hata sina ushahidi kwamba rimoti ya ile nyumba ilikopiwa. Ninachosema ni kidogo zaidi lakini kizito: ile hoja ya "geti halijavunjwa, kwa hiyo mlinzi ndiye" HAISIMAMI. Ingesimama zama za kufuli na ufunguo mmoja. Kwenye nyumba yenye rimoti nne za namba isiyobadilika, moja ikiwa mikononi mwa aliyehama, na zote zimewahi kuachwa kwa waosha magari na mafundi, orodha ya waliowahi kuwa na nafasi ya kufungua ni ndefu. Mlinzi asiye na rimoti yuko mwishoni mwa orodha, ila ndiye anayeshikwa wa kwanza kwa sababu ndiye aliyepo na ndiye asiye na wakili.

Kwa hiyo kabla hatujaingiwa na tamaa ya mageti ya kufungua kwa simu, naona haya yafanyike:

1. Muulize fundi kabla hajafunga mota: rimoti hii namba yake inabadilika au ni moja? Akikuta swali gumu, tafuta fundi mwingine. Rimoti inayokopika kibandani kwa kubonyeza tu, mara nyingi ni ya namba moja.

2. Rimoti ikipotea au mpangaji akihama, futa rimoti ZOTE kwenye kumbukumbu ya mota, uzisajili upya zilizobaki. Ni kazi ya dakika chache.

3. Ziandikwe kwenye daftari: ngapi, nani anayo, amepewa lini, amerudisha lini, na sahihi. Mlinzi naye asaini kwamba hana. Karatasi hiyo ingemwokoa mjomba.

4. Jua ufunguo wa kulegeza mota kwa mkono uko wapi. California walijifunza kwa machungu: kwenye moto wa 2017 umeme ulikatika na kuna watu walishindwa kufungua milango ya gereji. Tangu Julai 1, 2019 sheria ya jimbo hilo inataka mashine mpya ziwe na betri ya akiba. Sisi tulioonja mgao wa umeme wa 2023 hatuhitaji kuelezwa zaidi.

5. Uliza kuhusu jicho la usalama, kile kifaa kinachoona mtu amesimama njiani na kulizuia geti. Marekani mashine zilizotengenezwa tangu Januari 1993 lazima ziwe na kinga ya namna hiyo, baada ya watoto kufa kwa kubanwa. Geti la chuma halina huruma.

6. Ukinunua la kutumia intaneti, uliza swali moja tu: bando likiisha au kampuni ikifungwa, litafunguka?

Mjomba siku hizi anauza kahawa na kashata stendi, hataki kusikia habari za ulinzi. Nilipomweleza yote haya alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina kikombe, akaniuliza: "Sasa mjomba, hayo nikamweleze nani?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeyaandika hapa. Kama baba yako, kaka yako au rafiki yako analinda geti la mtu, mwambie leo aombe ile karatasi ya namba 3. Aombe kwa heshima, lakini aombe.

Mafundi wa mageti mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Walinzi na madereva, semeni yaliyowakuta, majina ya watu msiyataje. Uwanja ni wenu.

Naomba kuwasilisha.